Mlango wa Choo cha Kiwandani

Hapo zamani, zamani ambayo baadhi yenu mlishazaliwa, palikuwa na kiwanda cha sabuni kule Tanga. Kiwanda kilikuwa na wafanyakazi arobaini na choo kimoja, na choo chenyewe hakikuwa na mlango.

Tukajiwekea utaratibu: ukiingia, imba. Mwenzio akikusikia, anageuza. Ukinyamaza, shauri yako. Wengine waliimba kaswida, wengine kwaya, wengine taarabu. Fundi mitambo wetu, Mgaya, hakujua wimbo hata mmoja, kwa hiyo yeye alitaja hesabu: "Saba mara moja, saba! Saba mara mbili, kumi na nne!" Siku aliyoumwa tumbo alifika saba mara mia na ushee.

Chama cha wafanyakazi kilikuwapo. Katibu wake alikuwa Sechonge, mtu mwembamba mwenye faili nene. Sechonge aliandika barua ya kuomba mlango, akagonga muhuri, akapeleka. Bosi wetu, Bwana Mbaruku, akajibu: "Barua yenu imepokelewa na inafanyiwa kazi." Sechonge akaandika nyingine. Ikapokelewa, ikafanyiwa kazi. Miaka minne, barua kumi na saba.

"Katibu," Mgaya akamwambia, "mimi sijiungi na chama chako mpaka nione barua yenye bawaba."

"Haki ina taratibu zake, ndugu yangu."

"Na tumbo je, lina taratibu?"

Siku moja mchana Bosi alikwenda kula karamu ya harusi. Mgaya akachukua bisibisi, akaenda ofisini kwa Bosi, akaung'oa mlango. Ulikuwa mlango wa mninga, una komeo, una kibao cha shaba: MENEJA MKUU, BISHA HODI. Akaubeba kichwani, akaufunga chooni. Aliporudi kwenye ugali wake, ulikuwa bado wa moto.

Jamani! Watu walipanga foleni. Hata wasio na haja waliingia wakakaa tu, kimya, wajionee raha.

Bosi akarudi. Akasimama mbele ya ofisi yake, akapapasa hewa. Kisha akasikia mtu huko uani anabisha hodi.

"Nani kafanya hivi?"

"Mimi," akasema Mgaya.

"Huna kazi! Na mlango urudi sasa hivi!"

Lakini mlango haukuweza kurudi, maana ndani alikuwamo Bi Mwanahamisi. Huyu alikuwa kibarua wa kufunga sabuni kwenye makaratasi, kazi ya siku kwa siku, na vibarua chama hakikuwapa kadi. Alikuwa amesikia yote. Tukasikia komeo: kwacha!

"Sitoki!" akasema. "Mgaya arudishwe kazini, na mlango ubaki hapa hapa!"

"Wewe mama, kesho usije!"

"Kesho nitakujaje, Bosi, na leo sijatoka?"

Ikapita saa moja. Ikapita ya pili. Sasa, Bosi huko harusini alikuwa amekunywa madafu manne. Siku zote akibanwa hupanda gari akaenda kwake, lakini siku hiyo dereva alikuwa amekwenda Muheza na gari kumchukua mama mkwe wa Bosi. Basi Bosi akaanza kutembea. Kisha akatembea kwa hatua fupi. Kisha akasimama kwa mguu mmoja.

"Bi Mwanahamisi, mama yangu, nakuomba."

"Mgaya karudi kazini?"

"Karudi! Karudi!"

"Hayo ni maneno tu," akasema Sechonge, akifungua faili. "Leo karudi, kesho kafukuzwa. Tuandikishane." Akatoa mkataba. Alikuwa nao miaka yote minne, umeshapigwa chapa, unangoja sahihi tu.

"Lete nisaini!"

"Bosi, mtu hasaini asichokisikia. Kifungu cha kwanza: mfanyakazi yeyote, awe na kadi asiwe nayo, hatafukuzwa kabla ya kusikilizwa. Kifungu cha pili: choo kitakuwa na mlango wakati wote. 'Wakati wote' maana yake ni..."

"Najua maana yake, Sechonge!"

Akasaini juu ya mgongo wa Mgaya. Sechonge akagonga muhuri, akaupuliza wino ukauke. Akaupuliza polepole. Hapo ndipo Bi Mwanahamisi alipotoka, anajifunga khanga vizuri, na Bosi akapita kama mshale. Tukamsikia huko ndani anaimba.

"Bosi, mlango upo!" tukampigia kelele.

Jumatatu Bosi alikuja na beberu mweupe. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililotutia hofu.

"Beberu huyu ni wa aliyewaletea mlango," akasema. "Mtu mmoja tu. Hachinjwi mkagawana. Msipoelewana hadi saa tisa, narudi naye." Akaenda kuketi ofisini, anatutazama.

Mgaya akasema, "Barua kumi na saba hazikuleta hata msumari. Mimi nimeleta mlango mzima, na chama sina."

Sechonge akasema, "Mlango uliuleta, ndiyo, na kazi ikakutoka papo hapo. Bila karatasi yangu, leo ungekuwa kwako na mlango ungekuwa ofisini. Nimekutetea na hata kadi yangu huna."

Bi Mwanahamisi akasema, "Karatasi yako ilisainiwa kwa sababu gani, Katibu? Bosi alikuwa na hamu ya vifungu? Ninyi wawili mna ajira. Mimi nilikuwa sina kazi ya kesho, sina kadi, na chakula cha mchana sikula. Nani alikaa ndani?"

Kelele zikaanza. Wenye kadi walisema: Mgaya akipewa, tunazirudisha kadi, za nini tena? Vibarua walisema: Katibu akipewa, basi chama ni cha kujilia chenyewe. Wengine walitaka apewe Bi Mwanahamisi, wakaulizwa: kwa hiyo kila tukitaka kitu tujifungie chooni? Bosi kule ofisini alikuwa anacheka hadi miwani inamdondoka.

Ilipobaki robo saa, wakasema kamba ya beberu ashike mtu asiyependelea upande, aamue yeye. Wakanishikisha mimi. Saa tisa hiyo inagonga, jamani, na wote watatu wamenyoosha mkono. Nimkabidhi nani?