Alichokuwa Anakula Tumpe

Akina mama wenzangu, neno langu la leo ni dogo, na sauti yangu haifiki mbali. Wa nyuma sogeeni kidogo. Nimekuja na mfano tu.

Kulikuwa na mama mmoja aliyekuwa akifuma masweta ya shule. Aliishi kule juu milimani, mahali ambako ukungu hauombi ruhusa. Unaingia mlangoni asubuhi, unakaa ndani kama mgeni, na mchana ndipo unaondoka. Mashine yake ya kufumia ilikuwa karibu na dirisha. Aliisukuma kwenda na kurudi, chraa, chraa, na sauti ile ilikuwa na usingizi ndani yake. Mikono ilifuma, macho yalikwenda mbali. Katika ule weupe wa ukungu alikuwa akimwona mtoto anakuja mbio, mashavu yamejaa, miguu inapiga chini kwa kishindo. Halafu aligeuka, akamwona binti yake Tumpe amekaa kwenye mkeka, mwembamba, kimya, na mbele yake bakuli la uji limeganda juu.

"Kula, mwanangu, kula," alimwambia. Na mkono wake haukuiacha mashine.

Tumpe hakula. Kule kliniki nesi alikuwa ameshasema: uzito ukishuka tena, huenda mtoto akalazwa hospitali. Mama yule alitembea na neno lile kila alikokwenda, kama mtu aliyebeba ndoo iliyojaa mpaka ukingoni.

Siku moja wifi yake akaja kutoka mjini na boksi mkononi. Akamwinua Tumpe juu.

"Wifi! Huyu ni mtoto au mwiko?"

"Usimtanie mwanangu. Hali chochote."

"Hiki atakula. Pudingi ya chokoleti. Haipikwi, haikorogwi. Unafunua, unalisha. Ona, wamechora ng'ombe hapa mbele. Humu kuna maziwa."

"Na uji?"

"Uji, uji! Ndiyo maana mtoto amefanana na mwiko wa kuukorogea."

Wakacheka wote wawili, maana mawifi ndivyo walivyo.

Wifi akaondoka. Sasa nisikilizeni vizuri. Kwa kuwa kitu kile kilitoka mbali, na kikimwagika hakuna kingine, mama yule alikipa heshima. Alinawa mikono. Alisimamisha mashine. Alimpakata Tumpe, akafunua kikopo, akamlisha kijiko kimoja kimoja, hata kifuniko akakikwangua. Pudingi ilikuwa nyororo, inang'aa, haina bonge hata moja. Iliteleza ulimini kama mtu anavyoteleza kuingia usingizini. Mama mwenyewe hakuonja. Nani kati yetu angeonja? Alitazama tu. Ukungu ukawafunika, nyumba ikanyamaza, na Tumpe akasinzia kifuani pake akiwa na masharubu ya kahawia. Mama naye akafumba macho, akamwona tena yule mtoto wa mbio, safari hii karibu kabisa, karibu amguse.

Ikawa hivyo kila siku mpaka boksi likaisha. Vikopo akaviosha, akavipanga kwenye kabati la vioo pamoja na glasi za wageni.

Siku ya kliniki ikafika. Nesi akamvalisha Tumpe kaptula ya kupimia, akamtundika kwenye mzani. Mshale ukayumba, ukayumba, ukatulia. Chini ya pale ulipokuwa mara iliyopita.

"Haiwezekani," mama akasema. "Siku hizi anakula! Anakula mpaka tunakwangua!" Akatoa kikopo kimoja kwenye mkoba. Alikuwa amekuja nacho ili asifiwe.

Nesi akakigeuza, akasoma upande wa nyuma, pale penye maandishi madogo ambayo mimi na wewe huwa hatuyafikii.

"Maziwa yapo, ni kweli, ila kidogo. Kalisi ya mifupa ipo kidogo. Kilichojaa humu ni sukari, halafu wanga wa kuifanya iwe nzito, na mafuta. Protini ya kumjenga ni haba. Damu yake inataka madini ya chuma, na hapa ni kama hakuna. Si sumu, mama. Mtoto mwenye afya akilamba siku ya sikukuu, hakuna neno. Lakini tumbo la huyu ni dogo. Ukilijaza utamu, uji wa karanga na dagaa utakaa wapi?"

"Lakini nesi, ndicho pekee anachokubali."

"Unamlishaje?"

Mama akaona haya, lakini akaonyesha. Akakaa kwenye benchi, akampakata Tumpe, akainamisha kichwa, akainua kijiko ambacho hakikuwepo. Tumpe akafungua kinywa.

Nesi akaangalia kinywa kile kilichofunguliwa kwa ajili ya hewa tupu.

"Na uji?"

"Uji namwekea mkekani."

"Halafu?"

"Halafu..." Mama akaushusha ule mkono wa kijiko. "Halafu narudi kwenye mashine."

Nesi akamrudishia kikopo chake. "Leo simlazi. Mlete tena wiki ijayo. Pika uji, weka kwenye bakuli la siku zote. Ila kaa naye hivyo hivyo ulivyokaa sasa."

Akarudi nyumbani. Akatwanga karanga, akapika. Akasimamisha mashine, akampakata mtoto, akainua kijiko. Tumpe hakufungua kinywa. Aliitazama mashine. Akautazama mkono wa mama. Akaitazama mashine tena. Akasubiri. Mashine haikulia. Ukungu ulikuwa umejaa chumbani, na mle ndani hakuna kilichosogea. Ndipo mtoto akalaza kichwa mahali pale pale alipozoea, akafungua kinywa. Uji ulikuwa na mabonge. Aliula.

Wenzangu, mtoto yule alikuwa anakula nini siku zote zile? Nyuma ya kikopo wameandika sukari, wameandika mafuta. Mapaja ya mama hawakuyaandika, kwa sababu hawakuyatia wao.

Sisemi tuache kazi. Masweta ndiyo yanayonunua unga, na Mungu analijua hilo kuliko sisi. Wala sisemi mapaja yanatosha bila uji. Pudingi ilipakatwa vizuri sana, na mzani ulishuka vilevile.

Ninachosema ni hiki. Sisi mapaja yetu tumeyagawa vibaya. Kilicho kitamu tunakinawia mikono, tunakisimamishia kazi, tunakikwangua mpaka kwenye kifuniko. Umbea ukija, si tunavuta kigoda? Simu ikilia, si mboga inaungua? Lakini sala tunaiweka mkekani. Mama mkwe mgonjwa tunamtumia boksi la juisi, tunarudi kwenye mashine. Neno la Mungu tunaliacha linaganda juu, halafu tunasema halina ladha. Nani amewahi kukaa nalo, akalipakata?

Kila mmoja wetu ana mashine yake, hata kama haifumi sweta. Leo utarudi nyumbani, na pengine utaisimamisha, utakaa chini, utainua kijiko. Yule uliyekaa naye usimkasirikie asipofungua kinywa mara moja.

Anaitazama mashine kwanza.