Nani Amvishe Bibi Blanketi?

Sogeeni, wadogo na wenye mvi, na asiwepo wa kukata kauli kabla sijafika mwisho. Hadithi hii ina watu watatu wenye vipawa vitatu, na blanketi moja.

Enzi hizo mpaka wa Tunduma na Nakonde ulikuwa mti mmoja uliolazwa juu ya mapipa mawili, na askari aliyeulinda aliwajua bibi wote wa pande mbili kwa majina. Upande wa Tunduma palitumika shilingi, upande wa Nakonde kwacha. Watu walikuwa walewale. Ukoo ni mmoja: kaka ni Simwinga, dada yake ni Namwinga, ndivyo majina ya huko yalivyo. Mtu alizaliwa upande huu, akachumbia upande ule, na sabuni akainunua popote ilipokuwa nafuu wiki hiyo.

Ezekia Simwinga alikuwa fundi wa baiskeli wa Tunduma, na alikuwa amemchumbia Keziah Namukonda wa Nakonde. Mahari ilikwisha kupokelewa. Lilikuwa limebaki jambo moja: blanketi la bibi. Bibi mzaa mama wa Keziah aliitwa Tamari, na hakuwa mtu wa kuzungushwa.

"Mume wangu," alimwambia Ezekia, maana ndivyo bibi wa huko walivyowatania wachumba wa wajukuu wao, "harusi ni Jumamosi. Mimi sitaki kitenge, nimevaa vitenge hata nimechoka. Blanketi la sufu, zito, la kijivu. Lisipofika, Keziah atangoja mwaka mwingine. Na yule dereva wa malori wa Mpika anayemtaka anasema yeye hawezi kungoja."

"Litafika, bibi."

"Nani atanivisha? Unajua desturi ya nyumba hii."

Ezekia aliijua. Katika nyumba ile bwana harusi hakumvisha bibi kwa mkono wake. Aliyemvisha ni yule aliyewezesha blanketi kupatikana, na mtu huyo ndiye aliyempa mtoto wa kwanza jina. Aliweza kutoa jina la marehemu wake yeyote, na jina la marehemu halikuuliza kama mtoto ni wa kike au wa kiume. Mtu mmoja, jina moja.

Shida ilikuwa kwamba blanketi halikupatikana Tunduma hata kwa dawa. Rafu za duka la ushirika zilikuwa na viberiti na vumbi. Nakonde yalikuwepo mengi, lakini kwacha wakati huo ilikuwa na nguvu, na shilingi zote za Ezekia zilipobadilishwa hazikufika hata nusu ya bei.

"Nikatie upande mmoja," alimwambia mwenye duka.

"Nikukatie wa miguu au wa kichwa?" akajibiwa, na watu wakacheka. Ezekia alicheka pia. Alipovuka kurudi hakuwa anacheka.

Basi sikilizeni vipawa vya watu watatu walioijua shida ya Ezekia.

Loti Silwimba alikuwa na masikio. Alipakua mizigo stesheni, garimoshi likitoka Kapiri Mposhi. Wengine walisikia makelele ya abiria. Loti alisikia maana yake. Alhamisi asubuhi garimoshi liliposimama, aliona mama mmoja akinunua ndizi dirishani, akatoa noti ya kwacha, wala asiulize chenji. Wa pili akafanya hivyo, na wa tatu. Loti alitua gunia alilokuwa nalo begani.

"Mama, hiyo chenji huitaki?"

"Ya nini, baba? Kwacha imeanguka tangu juzi. Afadhali ndizi, nitaila."

Redio ilikuwa bado haijasema neno. Loti akaacha mabehewa mawili hayajapakuliwa, akaacha na ujira wake wa siku, akakimbia hadi kwa Ezekia. "Funga karakana! Kwacha imeanguka, na wenye maduka hawajajua. Leo shilingi zako ni mtu mzima!"

Mama Eseri Nakazwe alikuwa na subira. Aliuza maharage palepale penye mapipa, miaka kumi na moja mahali pamoja, na waliobadilisha fedha walisimama mbele ya magunia yake. Ezekia alifika akihema, na papo hapo mtu mmoja akampa bei iliyozidi ya jana mara moja na nusu. Mkono wa Ezekia ukaingia mfukoni. Mama Nakazwe akaushika kifundoni.

"Uache humohumo."

"Mama, bei nzuri hii! Itaondoka!"

"Mwanangu, hawa nawatazama miguu, siwatazami midomo. Wakiwa wamechuchumaa, kwacha bado inateremka nao hawana haraka. Watakaposimama wote, imefika chini. Kaa hapa."

Ezekia akakaa juu ya gunia kama mtu aliyekalia siafu. Wateja walikuja, na Mama Nakazwe akawarudisha, kwa sababu kwa mkono mmoja alikuwa bado ameushikilia ule wa Ezekia. Wanne walikwenda kununua kwa jirani yake. Saa tano ikapita. Jua lilipofika utosini, wale wabadilishaji wakanyanyuka mmoja mmoja, wakaanza kuwafuata watu wenye shilingi.

"Sasa," akasema Mama Nakazwe, akamwachia mkono. Ezekia akapata kwacha za kutosha blanketi zima, bila hata ndururu moja ya ziada.

Lakini habari nazo zina miguu. Ezekia alipoingia Nakonde, wenye maduka wote walikuwa mlangoni na vitambaa, wanafuta mbao zao za bei ili wazipandishe. Wengine walikuwa wamefunga kabisa.

Daudi Sinkala alikuwa na mwendo. Alikuwa tarishi, mtu wa miaka thelathini na mitano, na baiskeli aliipanda kana kwamba alizaliwa juu yake. Yeye ndiye aliyemkuta Ezekia pale, akakumbuka duka la Bwana Sinyangwe kule Chisitu, maili kumi na nne kwa njia ya vumbi. Bwana Sinyangwe aliandika bei kwa chaki kila Jumatatu na hakuigusa mpaka Jumatatu nyingine, isipokuwa lori la mizigo lilete habari. Na lori lile lilikuwa pale Nakonde, linawashwa.

"Lori litakushinda," alisema Ezekia.

"Lori hufuata barabara, bwana. Mimi sina adabu hiyo."

Daudi akakata kwenye mashamba ya mtama. Mara mbili mnyororo ulimtoka, mara mbili akaurudisha kwa vidole. Alifika Chisitu shati limemganda mgongoni, akaweka fedha juu ya meza, akapewa blanketi la kijivu. Alikuwa analifunga nyuma ya baiskeli lori lilipopiga honi. Bwana Sinyangwe akazungumza na dereva, akachukua kitambaa chake. Kisha akamgeukia Daudi.

"Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua, mzee."

Bwana Sinyangwe alilitazama blanketi, akautazama ubao. "Iliyoandikwa ndiyo bei," akasema. "Nenda kabla sijajuta." Watu wa namna ile walikuwepo.

Wakati wa kurudi, Daudi alifika kijitoni, akalifungua blanketi alivuke nalo mkononi, akateleza. Alianguka akiwa amelinyanyua blanketi juu ya kichwa, akavunjika mfupa wa bega. Blanketi lilifika kavu.

Jumamosi asubuhi palikuwa na ukungu. Wanawake walikuwa wameanza vigelegele ndani ya ua wa Bibi Tamari, na Keziah alikuwa chumbani, tayari. Ezekia alisimama nje ya ua, blanketi limekunjwa mikononi. Alipowashukuru Loti, Mama Nakazwe na Daudi, alidhani shukrani ingetosha. Hakuwa amejua kwamba kila mmoja wa wale watatu alikuja na jina.

"Baba yangu aliitwa Simioni," alisema Loti. "Alifariki akiijenga reli, na mimi sina mtoto. Nikifa mimi, jina lake halina pa kukaa. Na bila masikio yangu, Ezekia, ungekuwa bado unaziba pancha."

"Bila mkono wangu ungebadilisha saa tatu," alisema Mama Nakazwe, "ukanunua upande wa miguu. Binti yangu alikuwa Luti. Alikufa na miaka sita. Miaka ishirini sasa sijamwita mtu Luti."

Daudi alikuwa amefungwa mkono kwa kitambaa. "Bila miguu yangu mngemvisha bibi noti," akasema, nao wakacheka wote, hata Mama Nakazwe. Kisha akaendelea: "Kaka yangu Aroni alikwenda migodini mwaka ule wa mafuriko, akafia huko. Mama humwekea sahani kila jioni. Nataka amwite Aroni, na mtu aitike."

Ezekia akasema labda wote watatu walishike pamoja. Bibi Tamari alikuwa amesikia yote kutoka ndani.

"Mume wangu, kitukuu wangu hataitwa majina matatu kama mzigo wa kuni! Mtu mmoja. Naye aingie sasa, wazee wamekaa."

Ezekia aliwatazama. Hakuna aliyesogea mbele, na hakuna aliyerudi nyuma. Akanyoosha mikono yenye blanketi.

Aliyesikia, aliyesubiri, aliyekimbia. Ninyi mliokaa hapa, semeni na mtoe sababu: blanketi angemkabidhi nani?