Kidole Kipya cha Bastola

Hebu fumbeni macho kidogo, mwone ninachokiona. Ni asubuhi ya baridi mlimani. Ukungu unainuka taratibu kutoka kwenye migomba. Juu ya kilima wamejaa watu wa vijiji viwili, na katikati yao, kwenye mstari wa majivu uliomwagwa ardhini, vijana wamejipanga, mguu mmoja mbele, wakingojea mlio. Hakuna anayekohoa. Mnaona? Hata mimi nikisimulia, moyo unanienda mbio.

Mtu mmoja alikuwa na bastola. Jina lake Elinami, na bastola yake isingeweza kuua hata kunguru. Ilikuwa ya kuiga, imetengenezwa kwa sura ya zile za zamani ambazo nyundo zake huvutwa nyuma kwa kidole gumba kila unapotaka kupiga. Ilitiwa baruti tupu, bila risasi. Kazi yake ilikuwa kutoa mlio, basi.

Lakini mlio huo ulilinda amani. Kila mwaka kabla ya kupanda, kijiji cha Juu na kijiji cha Bondeni walishindana mbio, na walioshinda walifunguliwa kwanza maji ya ndiva, lile bwawa linalomwagilia mashamba yote. Hapo zamani mbio zilianzishwa kwa mdomo, na kila mara ziliisha kwa fimbo, maana walioshindwa walisema mwanzishaji amewakonyeza watu wake. Bastola haimkonyezi mtu. Vijiji vyote viwili viliuamini mlio wake, na vilimwamini Elinami aliyeishika, ingawa yeye alikuwa mtu wa Juu.

Sasa bastola ikaanza kuchoka. Ndani yake mna kipande kidogo cha chuma, kama kidole, kinachosukuma gurudumu lenye matundu ya baruti. Unavuta nyundo, kidole kinasukuma, tundu jipya linakuja kukaa mbele ya nyundo. Kidole hicho kilikuwa kimelika kwa kazi ya miaka mingi. Gurudumu likawa linasimama kabla halijafika, na nyundo inaangukia chuma kitupu. Tik. Kimya.

Wazee wa vijiji viwili wakakutana. Wakasema bastola ikilia, maji yatagawanywa kwa mbio kama kawaida. Isipolia, kila mtu atajua mwenyewe namna ya kufika kwenye ndiva. Wote wakaelewa. Wiki ile mapanga yalinolewa kila nyumba, na hapakuwa na majani ya kufyeka.

Elinami akakitia kidole kilicholika kwenye kiberiti kitupu, akashuka nacho mjini. Alizunguka kila duka la vipuri. Mmoja akampa kipande cha pikipiki, mwingine cha cherehani, mwingine akamcheka. Bastola za kuiga zilitoka viwanda vingi, na kila kiwanda kiliiga kwa macho yake. Kidole cha hii hakikubali kwenye ile. Mwishowe akaelekezwa kwa mfanyabiashara mmoja wa mji wa bandari, akampigia simu. Yule akamwambia, "Ninavyo viwili vya aina yako, nakutumia kwa basi. Vimeachwa virefu makusudi, maana kila bastola ina tumbo lake. Utavipunguza kwa tupa mpaka..." Elinami alikuwa ameshakata simu. Alikuwa anapiga kelele za furaha barabarani, anamkumbatia muuza mahindi.

Hapo nisimame kidogo, niwaambie jambo lingine kuhusu mtu huyu. Mke wake wa kwanza, mama wa binti yake Nakijwa, alikuwa amefariki, na Elinami alikuwa ameoa tena. Mke mpya aliitwa Namkunda. Elinami hakumpiga wala hakumtukana. Alimrekebisha tu. "Mama Nakijwa hakuwa akikoleza chumvi hivi." "Mama Nakijwa alifagia kuanzia mlangoni." "Mama Nakijwa hakuimba shambani." Namkunda alifika nyumba ile akiwa na kicheko kinachosikika hadi kwa jirani. Mwaka haujaisha, alikuwa anachekea ndani ya kanga. Elinami akaona mambo yanakwenda vizuri.

Vidole viwili vilifika mchana, siku moja kabla ya mbio. Habari zilipanda mlima haraka kuliko basi lililovileta. Ua wa Elinami ukajaa watu, na hata wa Bondeni walikuja, akiwamo Kirumbe, mtu wa maneno mengi.

"Baba Nakijwa, ikishindikana kesho utatuanzisha kwa chafya?" akasema Kirumbe.

"Kaa mbali na meza yangu, wewe. Chafya yenyewe utaikimbia," akajibu Elinami, na watu wakaangua kicheko.

Akakitoa kidole cha zamani kwenye kiberiti, akakilaza mezani. Akakilaza kipya pembeni yake. Kipya kilikuwa kirefu zaidi, kweli. Akashika tupa. Alipunguza kwa shangwe, unga wa chuma ukimwagika kwenye magoti yake, mpaka vidole viwili vikalingana kama mapacha. Akavinyanyua watu waone. Wakapiga makofi. Akakipachika, akafunga parafujo, akavuta nyundo. Gurudumu likazunguka, likasimama kabla halijafika.

Tik. Kimya.

Hakuna aliyecheka. Elinami akavuta tena. Tik. Akafungua, akatazama, akafunga. Tik. Nyuma ya Kirumbe mtu mmoja alisema polepole kwamba yeye anarudi nyumbani akajiandae. Wote walijua anajiandaa kwa nini.

Elinami akachukua kidole cha pili, cha mwisho. Akakilaza pembeni ya kile cha zamani. Akashika tupa. Ndipo Namkunda, aliyekuwa amesimama na sinia la chai, akaliweka chini, akasogea mezani, akasema mbele ya watu wote:

"Baba Nakijwa, unakipima kwa kilicholika. Kipime kwa bastola."

Tupa ikabaki hewani. Elinami alimtazama mkewe kwa muda mrefu kuliko ambavyo neno lile tu lingehitaji. Kisha akakichukua kidole cha zamani, akakirudisha ndani ya kiberiti kwa upole, akakifunga.

Akakipachika kipya kilivyo, kirefu. Nyundo ikakataa kurudi. Akakitoa, akakigusa kwa tupa mara moja, akakirudisha. Ikakataa, ila si kama mwanzo. Akakigusa tena. Watu wakaanza kusogea, hakuna anayetaka kukosa. Kila alipopachika walivuta pumzi pamoja naye, na kila ilipokataa walizitoa pamoja. "Taratibu, baba, taratibu," akanong'ona Kirumbe, mikono kichwani. Akakigusa tena. Akavuta nyundo.

Gurudumu likazunguka, likafika, likajifunga. Ka!

Ah, ndugu zangu, mngesikia kelele za ua ule! Wa Juu na wa Bondeni walirukiana shingoni. Sinia la chai lilipinduliwa na hakuna aliyejali. Elinami alikuwa anavuta nyundo na kuiachia, anavuta na kuiachia, anacheka kama mtoto aliyejifunza kupiga mluzi.

Kesho yake, juu ya mstari wa majivu, bastola ililia, na mlio ukagonga mlima wa pili ukarudi. Vijana wakaruka. Mnataka kujua nani alishinda? Bondeni walishinda. Watu wa Juu, watu wa Elinami mwenyewe, walisubiri zamu ya pili ya maji, na hakuna aliyenyanyua hata fimbo, kwa sababu wote waliusikia mlio pamoja.

Maji yalipofika shambani kwao, Elinami alisimama kwenye tuta na jembe begani. Miaka yote mbegu katika shamba lile zilipandwa kwa namna moja. Akamgeukia Namkunda, akamwuliza, "Kwenu huwa mnapandaje?" Ilikuwa mara ya kwanza Namkunda kuulizwa. Kisha akainama, akamwonyesha, na Elinami akashika kamba ya kunyooshea mistari.

Sisemi marehemu alikuwa mbaya. Kidole cha zamani kilifanya kazi njema miaka yote, nacho kililika kwa kazi hiyo hiyo. Kinastahili heshima na mahali pa kulala. Lakini ukimpunguza aliye hai mpaka alingane naye, unajipatia tena upungufu ule ule uliokufanya utafute kipya. Mke mpya, mkwe, mtumishi aliyeletwa juzi, mtoto wa kulea: wote huja na kile kidogo kilichozidi, nacho kiliachwa makusudi, ili wapate kuikaa nyumba yako na si ya mtu mwingine. Na kilichokwisha kupunguzwa hakirudi.

Basi mkirudi majumbani, nawaomba mkumbuke jambo moja tu: kabla hujashika tupa, jiulize kipimo chako umekitoa wapi.