Dirisha la Masjala

Ndugu zangu, nina swali, na sitaki mtu anyooshe mkono. Ni wangapi humu ndani mmewahi kupeleka barua ya kuomba kazi, mkangoja, mkangoja tena, na mpaka leo hamjajibiwa hata kwa neno moja la "hapana"? Naona vichwa vinainama. Basi leo sitawapa maneno makubwa. Nitawapa mfano wa binti mmoja, na ninyi mniazime masikio mpaka nifike mwisho wake.

Kulikuwa na binti mmoja kwenye vilima vya chai, huko nyanda za juu kwenye baridi, jina lake Tusekile. Mama yake alifariki mapema. Baba yake, mkulima mdogo wa chai na mtu wa maneno machache, alimsomesha chuo cha utunzaji wa kumbukumbu. Tusekile alihitimu vizuri. Ungempa chumba kilichojaa karatasi zilizovurugika, angekurudishia baada ya siku mbili chumba ambacho kila karatasi ina mahali pake.

Pale makao makuu ya wilaya yao palikuwa na ofisi ya masjala, ile inayopokea barua zote na kutunza mafaili. Tusekile akaandika barua ya kuomba kazi ya ukarani, akaambatanisha nakala za vyeti, akatembea saa mbili na nusu kwenda kuikabidhi mwenyewe. Masjala ilikuwa na dirisha dogo la kuhudumia watu, na nyuma yake alikaa karani mzee aliyeitwa Mwaisumo. Akaipokea bahasha, akagonga mhuri.

"Imepokelewa, binti. Utajulishwa."

Miezi sita ikapita bila kujulishwa. Akarudi dirishani.

"Shikamoo mzee. Nimekuja kuulizia barua yangu ya maombi."

"Marahaba. Iko kwenye mchakato."

Ndugu zangu, binti huyo alirudi nyumbani amefurahi. Akamwambia baba yake, "Baba, iko kwenye mchakato." Baba akasema, "Basi ni vizuri." Kati yao hapakuwa na hata mmoja aliyejua huo mchakato ukoje, lakini usiku ule walikula kwa amani.

Mwaka ukaisha. Akapeleka barua ya pili. Mwaka wa pili ukaisha, akapeleka ya tatu. Kila akiulizia, jibu ni lile lile, kwenye mchakato, mpaka neno lenyewe likaanza kumuuma kama kokoto kwenye kiatu. Shangazi yake, aliyekuwa akiuza viazi sokoni, akamwita siku moja.

"Tusekile mwanangu, vyeti haviliwi. Uliosoma nao wana kwao, wana watoto. Wewe kila mwezi miguu njiani, kwenda kutazama dirisha. Njoo tuuze viazi."

"Nitakuja, shangazi. Viazi nitauza. Ila barua sitaacha kupeleka."

Na kweli aliuza viazi. Alichuma chai pia. Tena alifanya jambo ambalo wengi walimcheka. Kwenye zahanati ya kijiji chao, kadi za wagonjwa zilikuwa zimerundikwa ndani ya masanduku matatu bila mpangilio. Mama akija na mtoto mwenye homa, nesi anatumia nusu saa kutafuta kadi, na mtoto anazidi kuwaka moto mgongoni. Tusekile akaomba ruhusa, akatafuta maboksi ya sabuni, akazipanga kadi zote kwa vitongoji na kwa majina. Ikamchukua mwezi mzima. Baada ya hapo nesi alikuwa akiinua mkono tu, kadi hiyo. Watu wakasema, msomi wetu sasa anafanya kazi ya bure.

Msidhani hakuchoka. Mwaka wa nne, asubuhi moja wakiwa shambani, alisimama katikati ya mistari ya chai akamwambia baba yake, "Baba, mimi naona hawanioni."

Mzee hakuacha kuchuma. Alijaza viganja, akatupa majani kapuni, ndipo akajibu. "Kuonwa siyo kazi yako, mwanangu. Kazi yako ni kuwapo siku watakapoangalia."

Mwaka huo huo likabandikwa tangazo. Nafasi moja ya karani wa masjala, kwa kuwa Mzee Mwaisumo anastaafu. Waombaji wote waandike upya. Akaandika upya. Walioitwa kwenye usaili walikuwa sitini na mmoja, wote kwa kiti kimoja. Wengine walikuja na suti, wengine walikuja na majina ya wajomba zao. Tusekile alikuja na bahasha yake na viatu alivyovibeba mkononi njia nzima visishike tope.

Afisa utumishi, mama mmoja wa makamo asiyecheka ovyo, akamuuliza, "Tangu uhitimu ni miaka minne. Muda wote huo umekuwa ukifanya nini?"

"Nimekuwa nikisubiri, mheshimiwa. Lakini sikukaa."

Akawaeleza habari za zile kadi. Ndipo wakamwonyesha mafaili arobaini yaliyochanganywa makusudi juu ya meza, kila msailiwa apewe nusu saa kuyapanga. Wenzake wengi muda uliwaishia wakiwa bado wanasoma majina. Tusekile alimaliza, akakagua mara ya pili, akakaa mikono mapajani, na muda ulikuwa bado haujaisha.

Mnadhani walimpa kazi siku ile? Hapana. Wakamwambia, utajulishwa. Akangoja miezi mitano mingine.

Simu ililia akiwa shambani, kapu mgongoni. Alisikiliza, akasema "ndiyo" mara tatu, akasema "asante mama," kisha akabaki ameishika simu sikioni ingawa aliyepiga alikuwa ameshakata. Baba yake akamtazama usoni. Akatua kapu lake. Akavua kofia. Yule mzee wa maneno machache akaanza kuimba wimbo wa kanisani kwa sauti ambayo binti yake hakuwahi kujua anayo. Kina mama waliokuwa wakichuma upande wa pili wa bonde wakauliza kwa kelele kuna nini, wakajibiwa, na vigelegele vikapanda kilima kimoja vikashukia kingine, mpaka shangazi akavisikia kule sokoni na kuacha viazi vyake bila mlinzi.

Mngependa niishie hapo, sivyo? Tupige makofi, tuseme amina, twende nyumbani. Wahubiri wengi tunaishia hapo. Mtu alingoja, mtu akapata. Lakini mimi leo sikuja kwa ajili ya hapo.

Jumatatu ya kwanza Mzee Mwaisumo akamkabidhi funguo. Akamwonyesha mafaili, daftari la barua, mihuri. Pembeni palikuwa na kabati la chuma, refu kumpita mtu. Tusekile akauliza, "Na humu mzee?"

"Humo ni maombi ya kazi. Watu wanaandika tu, nafasi hakuna. Kwa hiyo tunayaweka."

"Huwa yanasomwa na nani?"

Mzee akajikuna shingo. "Yanawekwa, mwanangu."

Alipoondoka, Tusekile akalifungua. Bahasha zilijaa kutoka chini mpaka juu, nyingi hazijafunguliwa. Hakuchukua muda kuziona zake tatu, gundi yake ingali vile vile alivyoibandika mwenyewe. Ule mchakato aliokuwa akiulizia kwa miaka minne ulikuwa huu. Akaketi juu ya kigoda akazishika mapajani. Alikasirika, na alikuwa na haki. Akaapa moyoni kwamba atalishughulikia kabati lile. Kisha mtu akagonga dirishani, na kazi ikaanza.

Na kazi, ndugu zangu, ina namna ya kumsahaulisha mtu kiapo. Barua zinaingia asubuhi mpaka jioni. Kila Jumatatu, kwa mfano, ilikuja barua ya mganga wa hospitali ya wilaya: pampu ya maji imekufa tangu mwaka jana, kina mama wanajifungua kwa maji ya ndoo, tunaomba fundi. Mkurugenzi wa wilaya anaandika pembeni kwa kalamu nyekundu, "Fundi atafutwe." Tusekile anaweka kwenye faili. Jumatatu nyingine, barua nyingine, kalamu nyekundu ile ile. Na faili linanenepa.

Wiki ya sita, siku ya Alhamisi, akaja mwanamume wa miaka arobaini hivi, kofia mkononi, tope jekundu mpaka magotini.

"Habari za kazi, dada. Naulizia barua yangu ya maombi. Ni mwaka wa tatu sasa."

Tusekile alikuwa na rundo la barua mbele yake. Hakuinua kichwa. Akasema, "Iko kwenye mchakato."

"Haya. Asante, dada," akasema yule mtu, akaondoka.

Mmesikia aliyesema? Siyo Mzee Mwaisumo. Ni yeye, Tusekile wetu tuliyempigia vigelegele. Wiki sita tu upande wa ndani wa dirisha, na neno lililomuuma miaka minne limemtoka mdomoni kama salamu.

Lakini alilisikia mwenyewe. Kalamu ilisimama. Akainuka, akaacha dirisha wazi, akapita mbio mbele ya mlinzi wa getini, akamkuta yule mtu ameshafika barabarani.

"Kaka, nisamehe. Nimekudanganya. Hakuna mchakato wowote. Barua yako sijaiona, na sidhani kuna aliyewahi kuiona. Rudi tuitafute."

Yule mtu akageuka, kofia bado mkononi. "Dada," akasema, "miaka mitatu nakuja hapa. Wewe ndiye wa kwanza kuniambia ukweli."

Wakarudi. Wakalifungua kabati, wakatoa bahasha mafungu kwa mafungu, saa ya chakula ikawapita. Wakaipata karibu na chini kabisa. Tusekile akaifungua kwa ncha ya rula, akasoma. Akasoma tena. Kisha akanyoosha mkono akachukua faili la hospitali, akaviweka viwili hivyo pamoja, akapanda navyo ngazi mpaka kwa afisa utumishi, yule mama asiyecheka ovyo.

"Naomba dakika tano, mama."

Mama akaisoma barua. Mwombaji ni fundi wa pampu na mitambo ya maji, uzoefu miaka kumi na miwili. Akaliangalia faili la hospitali na kalamu zote zile nyekundu. Akavua miwani.

"Barua hii ilikuwa wapi?"

"Kabatini kwetu, mama."

"Tangu lini?"

"Tangu kabla pampu haijafa."

Fundi alipewa mkataba wa muda wiki ile ile. Siku tisa alikuwa ndani ya kibanda cha pampu na spana zake, na siku ya kumi, saa nne asubuhi, bomba la wodi ya wazazi likakohoa, likatema kutu, likatoa maji. Manesi walifungua mabomba yote kwa pamoja ili wayasikie tu. Mama mmoja aliyejifungua alfajiri ile akamwogesha mwanawe kwa maji ya bomba, wa kwanza katika hospitali ile kwa zaidi ya mwaka mmoja, na wazazi wote wodini wakapiga vigelegele kama waliojifungua upya.

Na lile kabati? Yule mama afisa alishuka mwenyewe, akalitazama, akamwambia Tusekile, "Jibu zote." Zilikuwa mia nne kumi na nane. Nyingi majibu yake yalikuwa "hapana, nafasi hakuna." Mkiambiwa watu walifurahia barua za hapana mtashangaa, lakini walifurahi. Mtu aliyejibiwa hapana anainuka, anachukua vyeti vyake, anajaribu mlango mwingine. Na wachache, nafasi zilipotangazwa, walikumbukwa, wakaitwa, wakashinda.

Sasa tuje kwetu sisi.

Wewe uliye nje ya dirisha, unayengoja mwaka wa pili, wa tatu, wa tano: usidhani hutakiwi. Fundi hakuwa mtu asiyehitajika. Wilaya nzima ilikuwa inamlilia kwa kalamu nyekundu wakati yeye anadhani hakuna anayemjua jina. Kati ya kilio chao na barua yake palikuwa na gundi ya bahasha tu. Kwa hiyo endelea kuuliza. Panga kadi za zahanati ya kwenu, safisha chombo chako, uwepo siku watakapoangalia. Wanaokuhitaji wapo.

Lakini neno lililonileta hapa ni kwako uliye ndani. Na ndani ni sisi sote. Kuna mke anayesubiri uongee naye. Kuna mwanao aliyekuuliza jambo wiki tatu zilizopita, ukamwambia "tutaona." Kuna ndugu aliyekuomba msamaha, ukasema moyoni, iko kwenye mchakato. Ni mchakato gani, ndugu yangu? Tunapiga magoti kila usiku kumwuliza Mungu mbona hajatujibu, na huku kabati letu sisi wenyewe halifungiki kwa barua za watu.

Huyo Mungu tunayemsubiri akija kujibu, mara nyingi huja kwa mkono wa mtu. Alijibu maombi ya wazazi wa wodi ile kwa mkono wa karani aliyekimbia barabarani kusema nisamehe. Leo anatafuta mkono mwingine.

Ibada ikiisha, kabla hujafika mlangoni, mfikirie mtu mmoja anayesubiri neno lako. Mmoja tu. Mpigie. Mwambie ndiyo, au mwambie hapana, lakini mjibu. Na wale mliongoja muda mrefu, simameni sasa tuombe, na mwimbe kama watu ambao barua yao imefunguliwa.