Vigumba Vipana vya Mulatya

"Ukipanua kigumba, panua na unyoya." Jana mlimsikia mjomba wenu akimwambia Mwende maneno hayo, Mwende alipotaka kuongeza meza sita katika mgahawa wake na huku jiko ni lile lile moja. Mkacheka bila kujua mnachocheka, na leo mnaniuliza maneno hayo yalitoka wapi. Haya, sogeeni, kila mmoja achukue mbaazi za kumenya, mikono ifanye kazi masikio yakisikiliza. Kigumba ni kile chuma cha mbele ya mshale. Unyoya mnaujua. Methali hii ilizaliwa huko Ngiluni, siku za mwindaji mmoja aitwaye Mulatya, na mambo yalikuwa hivi.

Mulatya alikuwa mtu wa furaha. Ukimsikia anacheka ng'ambo ya mto, ulicheka nawe bila kuambiwa sababu. Na shabaha alikuwa nayo: aliweza kuangusha tunda mtini bila kugusa jani. Lakini mwaka huo shabaha yake ilikuwa haimsaidii kitu, kwa sababu ya nguruwe mwitu mmoja, dume kubwa lenye kifua kama pipa, lililokuwa likishuka kutoka vilimani kila alfajiri na kufukua mihogo na viazi vya watu. Msimu wa kwanza lilimaliza mashamba manne. Msimu wa pili watu wakaanza kusema kwamba mavuno yakipotea tena, watafunga mizigo na kuhama bonde.

Si kwamba Mulatya hakulipiga. Alilipiga mara tatu. Lakini vigumba vya siku zile vilikuwa vyembamba kama msumari. Vilizama katika mafuta ya mnyama, naye akatimua mbio na mshale ubavuni, na wiki iliyofuata akarudi mihogoni kana kwamba alichomwa na mwiba tu.

Basi Mulatya akaenda kwa mhunzi. Mhunzi huyo alikuwa Ngumbau, kaka wa mkewe, mtu wa maneno machache na mikono mizito.

"Shemeji," Mulatya akamwambia, "nifulie vigumba vipana. Vipana kama jani la mhogo! Nataka nikilipiga lile dume, lisiulize nani kapiga."

Ngumbau akafukuta moto siku tatu. Akatoa vigumba sita, kila kimoja upana wa vidole vitatu, vikali hata Mulatya alinyoa nywele za mkono wake kwa kimoja ili ajaribu. Akaenda nyumbani akiimba. Akavifunga mwenyewe kwenye mishale yake kwa kano na ulimbo, kisha akapiga mbiu kijiji kizima: kesho asubuhi, uwanjani, njooni mwone mwisho wa nguruwe.

Watu walikuja wote. Wanawake walileta mtungi wa uji, watoto wakapanda juu ya ua. Bunda la nyasi likawekwa hatua arobaini. Mulatya akavuta upinde, akatabasamu kwa watazamaji, akaachia.

Mshale ukatoka vizuri, kisha katikati ya njia ukabadili nia. Ukapinda kushoto kama mlevi anayeitwa na rafiki, ukapasua mtungi wa uji. Wa pili ukainama ukachoma ardhi kabla ya kufika nusu ya njia. Wa tatu ukapaa juu, ukazunguka, ukatua kwenye paa la ghala la mzee Kivuva, na mzee mwenyewe akatoka ghalani mbio kifua wazi, akiuliza vita vimeanzia upande gani.

Ngumbau hakuwahi kuona watu wakicheka kiasi kile. Hata Mulatya angecheka, kama angekuwa mtu mwingine. Lakini alihisi masikio yakimwaka, na aibu ikamsemesha neno ambalo asingelisema.

"Mnanicheka mimi?" akapaza sauti. "Mcheke mhunzi! Shemeji yangu amenifulia vyuma vipofu!"

Kicheko kikakatika. Ngumbau akaokota mfuko wake, akaondoka.

Mbithe, mke wa Mulatya, alikuwa pale. Jioni alimpa mumewe chakula, akakaa mbali naye. Mulatya alikula matonge mawili tu. Alijua amemtukana mtu mbele ya dada yake, lakini bado aliamini kwamba kosa lilikuwa la chuma. Asubuhi akatoka nyuma ya nyumba kulithibitisha.

Akabadili upote, ile kamba ya upinde. Mishale ikapinda. Akashusha mkono, akapandisha mkono, akabana pumzi. Ikapinda. Akachukua mshale wake wa zamani wenye kigumba chembamba, ukaenda sawa kama uzi uliovutwa.

"Unaona?" akamwambia Mbithe, aliyekuwa akipepeta mtama. "Mkono ni ule ule, upinde ni ule ule. Ni vyuma vya kaka yako."

Mbithe akaweka ungo chini. "Lete mmoja."

Akausimamisha mshale juu ya ukucha wa kidole gumba, ncha chini, akauzungusha kama pia. Ncha ikatikisika, ikacheza huku na huku.

"Kichwa kimekaa upande," akasema. "Nani alikifunga?"

Mulatya akakohoa. "Mimi."

Wakaijaribu yote sita, na minne ilicheza. Mulatya akaketi, akafungua kano, akavipanga vile vigumba upya, akizungusha na kurekebisha mpaka kila mshale ulizunguka ukiwa umetulia. Akapiga tena. Sasa mishale haikuyumbayumba angani kama vichaa, lakini ilipinda bado. Bunda lilikuwa mbele, mshale ulikwenda kichakani.

Mbithe aliufuata kichakani, akarudi akiutazama kwa nyuma. Manyoya yake yalikatwa membamba, upana wa jani la ukoka.

"Kwa nini membamba hivi?"

"Ndivyo baba alivyonifundisha."

"Na baba yako alitumia vigumba vipana kama hivi?"

Mulatya akatikisa kichwa.

"Hapa mbele umeweka bawa," Mbithe akasema, akigusa chuma. "Hapa nyuma umeweka unywele. Upepo ukilikamata bawa, nani atalishika? Unywele?"

Mulatya akautwaa mshale, akautazama upande huu na upande huu. Kisha akaruka wima. Alikimbia hadi bonde la chini, mahali ng'ombe wa jirani alipofia na tumbusi walipokuwa wamekaa siku mbili, akarudi na manyoya makubwa kifuani kama mtu anayebeba kuni. Wakakata pamoja, manyoya matatu kwa kila mshale, marefu na mapana, yakilazwa kwa kupinda kidogo ili mshale uzunguke ukiwa njiani. Mikono yao ikaganda ulimbo hata wakashindwa kuachana, wakacheka kwa mara ya kwanza tangu jana.

Akapiga. Mshale ukaenda moja kwa moja, ukivuma, ukazama katikati ya bunda hadi manyoya. Akapiga wa pili, ukaingia kando ya wa kwanza. Mulatya akapiga yowe, akambeba Mbithe akamzungusha, na mtama wote ukamwagika kwa kuku.

"Sasa niteremshe," Mbithe akasema, "uende kwa kaka yangu."

Alikwenda. Alimkuta Ngumbau kiwandani, akapiga magoti kando ya tanuri. "Shemeji, chuma chako kinaona. Kipofu nilikuwa mimi."

Ngumbau aliendelea kufua mpaka jembe likapoa. "Ulinitukana mbele ya watu," akasema. "Hapa tuko wawili."

Kesho yake alfajiri, watu walipokuwa wakienda mashambani, Mulatya, upinde na mishale begani, aliwasimamisha kwenye njia ya mihogo. Ngumbau alisimama mbele, mikono kifuani.

"Ndugu zangu," Mulatya akaanza, "juzi nilisema maneno juu ya huyu shemeji yangu, na maneno yale—"

"Nguruwe!" mtoto mmoja akalia.

Lile dume lilikuwa limetoka mihogoni, mdomo umejaa udongo, linawatazama kana kwamba wao ndio walioingia shambani kwake. Kisha likainamisha kichwa, likaja. Watu wakatawanyika. Mulatya hakuwa na nafasi ya kutabasamu kwa mtu. Akavuta, akaachia.

Mshale haukupinda hata upana wa unywele. Ukaingia nyuma ya bega. Dume likapiga hatua kumi, likapunguza mwendo, likalala ubavu kama mtu aliyechoka, likatulia.

Vigelegele vikapasuka, watu wakakumbatiana, mzee Kivuva akacheza ngoma isiyopigwa. Walimnyanyua Mulatya mabegani. Katikati ya kelele zile sauti nzito ya Ngumbau ikasikika:

"Mshusheni! Hakumaliza kusema!"

Watu wakaangua kicheko, wakamshusha. Mulatya, machozi ya furaha machoni, akamaliza: kwamba vigumba vilikuwa vyema tangu siku ya kwanza, kwamba aliyevifunga vibaya ni yeye, na kwamba anaomba radhi. Ngumbau akamshika mkono, akauvuta, akamkumbatia hata mbavu zikalia.

"Lakini mishale ile ile," mzee Kivuva akauliza, "juzi ilitaka kuniua mimi, leo imeua nguruwe. Mmeifanya nini?"

"Muulizeni Mbithe," Mulatya akajibu.

Watu wote wakamgeukia. Mbithe akauchomoa mshale ubavuni mwa dume, akaupangusa kwa majani, akauinua ili wauone wote, chuma kipana mbele, manyoya mapana nyuma.

"Hatukufanya kitu kikubwa," akasema. "Ukipanua kigumba, panua na unyoya."