Mayai Laini ya Mto wa Baridi

Paukwa, nyinyi wenye viazi motoni!

— Pakawa, nyanya!

Hapo kale, ukungu ulipokuwa ukilala mtoni hadi jua la mchana, aliishi mwanamke aitwaye Kathure. Dada yake, Nkirote, alikuwa amejifungua. Lakini maziwa hayakutoka, na mtoto akalia mpaka sauti ikamkauka. Mkunga akasema, "Mpikieni mchuzi wa trauti, yule samaki wa madoa."

Kathure akashuka mtoni na mshipi wake. Akamkuta fisimaji, yule mnyama mwogeleaji mla samaki, juu ya jiwe, anajilamba, ameshiba.

"Chukua mayai haya ya samaki," fisimaji akamwambia. "Trauti huyapenda kuliko minyoo."

Yalikuwa mekundu, yanang'aa kama shanga. Kathure akayatunga mabichi kwenye ndoano. Mayai yakanong'ona, "Sisi ni laini, Kathure, sisi ni laini." Hakusikiliza. Maji yakayapasua, yakayachukua.

— Samaki akala?

Hakula.

Kesho yake akayachemsha mengine. "Sisi ni laini, Kathure, sisi ni laini." Hakusikiliza. Yakawa magumu kama changarawe. Trauti akaja, akanusa, akageuka.

— Na mtoto, nyanya?

Mtoto hakulia tena. Hakuwa na nguvu ya kulia.

Siku ya tatu Kathure akaketi, akayaweka yaliyobaki kiganjani. "Niwafanyeje?" akauliza.

"Tunyunyizie chumvi kidogo. Tuanike kivulini, si juani, mpaka tunate. Kisha tufunge kwa kitambaa chepesi."

Akangoja. Ukungu ukapanda, ukungu ukashuka, mto ukaimba polepole, naye akangoja. Halafu akachana ncha ya leso yake, akafunga vifurushi viwili, kila kimoja kama punje ya harage.

Akatupa cha kwanza. Mshipi ukakaza! Akavuta trauti jike, tumbo limejaa.

"Mama," samaki akasema, "nimekuja kutaga tu. Wanangu wamo humu."

Kathure akamkumbuka mtoto wa dada yake, machozi yakamtoka. "Nenda ukazae," akasema, akamchomoa ndoano.

— Ala! Kamwachia?

Kamwachia. Kikabaki kifurushi kimoja. Akakitupa penye kina, akafumba macho. Akanasa trauti dume, mrefu kama mkono wake.

Jioni ile Nkirote akanywa mchuzi, akanywa tena. Kulipopambazuka maziwa yakatoka. Mtoto akanyonya, akasinzia, tone jeupe likimning'inia kidevuni.

Kilicho laini hakitaki nguvu, wanangu, kinataka kuulizwa. Na atakaye kula kesho, asimalize mbegu leo.

Ngano yangu nimeitua hapa.