Namba Yenye Mkia

"Kukata si kazi, kazi ni kupokea." Mmenisikia nikimwambia mwenzenu hivyo asubuhi, mkatazamana, mkauliza: bibi huyu kaiokota wapi methali ambayo hata shuleni hatukufundishwa? Hamkufundishwa kwa sababu bado ni changa. Ilizaliwa hapahapa Tukuyu, katika darasa la jioni la kompyuta, na aliyeizaa alikuwa na hasira. Sogeeni niwaeleze.

Alikuwepo mama mmoja kijana, Tumpe, aliyekuja darasani kila jioni na mwanawe Ipyana mgongoni. Yeye na rafiki yake Gwantwa waliombwa na zahanati moja watengeneze programu ya kuwatumia kina mama ujumbe wa simu, kuwajulisha siku ya daktari. Daktari wa mifupa alikuwa akija kutoka Mbeya mara moja kila baada ya miezi mitatu, kunyoosha miguu ya watoto waliozaliwa na nyayo zilizopinda. Miguu ya namna hiyo hunyooshwa mapema, mifupa ingali laini. Mama asipopata ujumbe, mifupa haimsubiri.

Tatizo likawa kwenye namba za simu. Baadhi ziliingizwa kwa haraka, zikabaki na nafasi tupu mwishoni, mkia usioonekana kwa macho. Mtandao ukikuta mkia huo, unaikataa namba. Gwantwa akasema, "Hilo niachie mimi." Lugha ya kompyuta waliyofundishwa ina ghala lake la zana zilizo tayari: ya kukata maneno, ya kuyaunga, ya kugeuza herufi ndogo kuwa kubwa, na ya kuondoa nafasi tupu za pembeni. Gwantwa akaichukua hiyo ya mwisho, akaipa namba zote. Mashine haikunung'unika.

"Umekata mikia?" Tumpe akamuuliza.

"Nimekata, mama Ipyana."

Siku ya daktari ikaja, ikapita. Jioni ya pili yake mlango wa darasa ulifunguliwa bila hodi. Akaingia mwanamke kutoka kijiji cha jirani, Subilaga, viatu vimejaa tope, mtoto kamfunga kifuani kwa kitenge.

"Nani hapa anatuma ujumbe wa zahanati?"

"Ni sisi, mama," akajibu Tumpe. "Karibu ukae."

"Sikuja kukaa. Jirani yangu kapata ujumbe, mimi sikupata. Leo nimefika, naambiwa daktari kaondoka jana, nirudi baada ya miezi mitatu." Akafungua kitenge. Nyayo za mtoto zilikuwa zimegeukiana kama viganja vya mtu anayesali. "Haya, iambieni hii miguu isubiri."

Mgongoni Tumpe alihisi mateke ya Ipyana, mateke ya miguu iliyonyooka. Aibu ikampanda kichwani, na huko juu ikageuka hasira. Nanyi mnajua hasira haiendi mbali, humtafuta aliye karibu. Akamgeukia Gwantwa.

"Ulisema umekata."

"Nimekata."

"Umekata kwa maneno tu, kama kawaida yako."

"Usinivunjie heshima mbele za watu, Tumpe. Njoo uone."

Gwantwa akavuta kibodi, akaandika amri ileile kwa namba ya Subilaga, akigonga vitufe kama anayetwanga. Kwenye kioo ikatokea namba safi, haina mkia. "Macho unayo?"

"Sasa iulize mashine namba yenyewe iliyohifadhiwa."

"Si hiyo hapo?"

"Iulize, nimesema."

Akaiuliza. Ikarudi namba ya zamani, na mkia wake.

"Tuliambiwa juma la kwanza, tukaitikia wote," Tumpe akasema. "Lugha hii haigusi ulichoipa. Inakuachia kama kilivyo, halafu inakupa kipya. Ni kama kupeleka cheti dukani kutoa kopi. Usipoichukua kopi, unarudi nyumbani na cheti kilekile. Umekata, kilichokatwa ukakiacha hapohapo, ukatumia cha zamani."

"Na wewe uliisoma kazi yangu ukasema iko sawa," Gwantwa akajibu polepole.

Hilo nalo lilikuwa kweli, na lilimchoma Tumpe kuliko yote. Akamgeukia mgeni. "Tusamehe, mama. Pole sana. Tutarekebisha."

Subilaga akakaza kitenge chake. "Zahanati wamenipa pole. Mlinzi getini kanipa pole. Sasa nyinyi. Hayo ya mashine sikuyasomea, ila nimesikia mlivyosema. Kukata si kazi, kazi ni kupokea. Na pole zenu ndivyo zilivyo, mnazitoa zinabaki hewani. Mkononi mwangu kimefika nini?"

Akatoka.

Tumpe hakurudi kwao kwanza. Kila namba iliyokatwa akaipokea kwa kuipa jina jipya ndani ya programu, akaamuru ujumbe utumwe kwa hiyo, si kwa ile ya zamani. Kisha akapiga simu zahanati, akauliza jambo ambalo hakuna aliyekuwa ameliuliza: siku nyingine daktari huyo yuko wapi? Wakamwambia huwa hospitalini Mbeya kila Alhamisi, anampokea yeyote anayefika. Akamtumia Subilaga ujumbe huo.

Alhamisi alfajiri akamwachia Gwantwa mtoto wake, ingawa walikuwa bado hawasemezani vizuri, akashuka kwa miguu hadi mlangoni kwa Subilaga. Akapiga hodi.

"Nimekuja kuona kama umepokea."

Subilaga aliitazama simu yake, kisha akamtazama yeye. Hasira ilikuwa haijamtoka usoni. "Umeingia," akasema. "Lakini safari ni ndefu, na mtu wa kunisaidia kumbeba mtoto sina."

"Nimekuja kwa hilo pia."

Subilaga akamfungua mtoto kifuani, akamnyooshea Tumpe.

"Basi pokea."

Tumpe akapokea, wakaenda.

Kwa hiyo, wajukuu zangu, ukija kwangu na "bibi, nimeshafanya", sikuulizi umefanya nini. Nakuuliza kiko mikononi mwa nani. Kukata si kazi, kazi ni kupokea.